Kinyozi Alikuwa Ameshakula

Tulimwacha Mama Kijino amepinda magoti.

Wiki nzima, msomaji, tumemwacha hivyo. Mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, mwingine umekunja aproni, na ile sehemu ambayo mtu hukalia iko hewani, haijakaa wala haijakataa kukaa. Aliyemgandisha ni Fundi Cherehani wa meza ya pili, ambaye aliweka kikombe chini, akafuta mdomo, akasema maneno manne tu.

"Usikae. Huyo mwanamume ameshakula."

Kwa aliyekosa gazeti lililopita: Mama Kijino ana mkahawa wa meza tano, vikombe vya bluu na dirisha linalotazama barabara. Tangu aufungue, miaka mitatu sasa, hajawahi kukalia kiti chake hata kimoja. Yeye husimama, humimina, huzunguka. Jumapili iliyopita Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimwomba amuoe. Mama Kijino alimjibu huku akipangusa meza: "Jumamosi saa mbili njoo unywe chai kama kawaida. Ukiniona nimekaa mbele yako, nimekubali. Ukiona bado nimesimama, maliza yai lako uende."

Maneno hayo yalisemwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo mtaa mzima uliyasikia.

Jumamosi saa moja meza zote zilikuwa zimejaa, na hakuna aliyekuja kwa sababu ya njaa. Watu walipaka siagi juu ya siagi. Na saa mbili kamili, Mama Kijino alivuta kiti cha mbele ya Kinyozi, akaanza kukaa.

Sasa tumnyooshe, maana magoti ni yake.

Alisimama taratibu, kama mtu anayeinua ndoo ambayo ameambiwa ina maji, akakuta ina mawe.

"Ameshakula wapi?" akauliza.

"Mimi? Muulize mwenyewe," akasema Fundi Cherehani. "Mdomo anao."

Mama Kijino akamgeukia Kinyozi. Kinyozi alikuwa na nusu ya yai mdomoni.

Mkahawa ukasubiri ameze. Lilikuwa yai la kuchemsha, limeiva vizuri, na kikombe chake kilikuwa kitupu. Lilishuka kwa hatua. Mwalimu Mstaafu, ambaye hukaa meza ya kwanza ili awe karibu na birika, alimsogezea chai yake.

"Ahsante, Mwalimu."

"Kunywa, kisha ujibu."

"Umekula leo kabla ya kuja hapa?" akauliza Mama Kijino.

"Nimekula."

"Na jana?"

"Na jana."

"Na juzi?"

Kinyozi alilitazama yai la pili kwenye sahani, kama vile lingeweza kumtetea. "Siku thelathini na tisa," akasema.

Meza ya nne kijiko kikaanguka. Hakuna aliyekiokota.

Usicheke, msomaji. Wewe unaona ni mayai tu. Lakini kwa miaka miwili Kinyozi amekuwa mteja wa kwanza kuingia mkahawani. Mayai mawili, mkate vipande vitatu, chai ya maziwa. Akimaliza husukuma sahani, hushika tumbo, husema: "Leo nilikuwa na njaa ya simba." Husema hivyo kila siku, hata siku za mvua. Na mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kupika, mtoto amelala, nyumba kimya, anahitaji mtu mmoja tu duniani wa kumwambia kwamba alikuwa akisubiriwa. Sentensi ile ndiyo iliyovuta kile kiti.

"Njaa ya simba," akasema Mama Kijino. "Mara thelathini na tisa umeniambia njaa ya simba."

"Ilikuwa njaa ya pili."

"Hata simba hula mara mbili," sauti ikasema kutoka meza ya nne.

"Mtu anayeweza kunidanganya kwa yai," akasema Mama Kijino, bila kupandisha sauti, "kwa nyumba atanifanyaje?"

Hapo Fundi Cherehani akaona wakati wake wa kutoa ushahidi umefika, akavuta kiti mbele.

"Mwenzangu, mimi si mtu wa maneno. Asubuhi napita nyuma kule kufungua kibanda changu. Saa moja kasoro robo, namwona anatoka kwenye nyumba ya watu, anajifuta mdomo. Siku ya kwanza nikasema si kazi yangu. Siku ya pili nikasema si kazi yangu. Siku ya tatu nikabadilisha njia, nikapita karibu zaidi."

"Ukaona nini?"

"Mkono wa mwanamke! Unamrudishia kofia yake mlangoni. Na leo ametoka pale mbiombio, hana hata mkoba wake wa mikasi. Kinyozi bila mikasi! Muulizeni mkoba uko wapi."

Watu ishirini kasoro wakainama kutazama chini ya kiti cha Kinyozi. Kulikuwa na viatu vyake tu.

"Nyumba ipi?" akauliza Mama Kijino.

"Ile yenye mlango wa kijani."

Birika lilikuwa linachemka, na kwa mara ya kwanza tangu mkahawa ufunguliwe, Mama Kijino hakwenda kulitoa.

Mlango ule wa kijani aliupaka rangi yeye mwenyewe, mwaka alioolewa. Nyuma ya mlango ule anaishi mwanamke mmoja tu, naye si kijana wala si mrembo wa kuiba wachumba. Ni mama wa marehemu mume wake. Mtaa humwita Bi Mkwe, hata wale ambao si mkwe wao.

Miaka mitatu wanawake hawa wawili hawajasemezana. Mume alipofariki, Mama Kijino aliuza pikipiki yake, akafungua mkahawa. Bi Mkwe alikuja mlangoni, hakuingia. Alisema: "Umemuuza mwanangu kwa vikombe." Akaongeza jambo moja ambalo Mama Kijino huliota mpaka leo: "Mtoto wa mwanangu hatalelewa kwenye moshi wa chai. Ipo siku nitamchukua."

"Kijino," akaita. "Njoo hapa."

Kijino, mwenye miaka sita na mwanya mpya mbele, alikuwa kaunta na kipande chake cha mkate. "Mama, sijamaliza. Nimemaliza siagi tu."

"Njoo na mkate wako."

Mtoto akaja, akabanwa kwenye aproni mpaka likabaki sikio moja nje. Mama Kijino akamtazama Kinyozi juu ya kichwa kile kidogo, na sasa sauti yake haikuwa ya mtu aliyedanganywa kwa yai.

"Amekutuma?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Amekutuma uje unioe ili apate mtoto wangu?"

Kinyozi akasimama. Ni mrefu, kwa hiyo ilichukua muda.

"Sikutumwa na mtu," akasema. "Nilikwenda mwenyewe. Kabla sijakuomba wewe, nilikwenda kumwomba yeye radhi, baraka yake."

"Ya nini? Mimi si mali yake!"

"Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya huyu." Akaonyesha lile sikio. "Ana bibi mmoja tu. Mimi nimekua sina bibi, sina shangazi, sina hata ndugu wa kunisema vibaya. Siku ya sherehe shuleni wenzangu walijaziwa viti na jamaa zao, mimi kiti changu kiliwekwa mwavuli wa mwalimu. Nikasema, nikiingia nyumba hii, mtoto asikose bibi kwa sababu nimeingia mimi."

"Yeye akasemaje?" akauliza Mama Kijino.

"Akasema mwanamume hajulikani kwa maneno, anajulikana mezani. Njoo ule kwangu asubuhi arobaini. Usikose hata moja, usibakishe, usimwambie mtu. Ukimaliza, nitakupa radhi, na nitakuja mwenyewe kumwona mjukuu wangu kwa amani."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Ni uji."

"Uji wa namna gani?" akauliza Mwalimu Mstaafu.

"Hauna sukari. Hauna maziwa. Kijiko ukikiweka katikati kinasimama chenyewe. Bakuli likiisha anaongeza."

"Kwa usahihi basi," akasema Mwalimu, "shtaka lina kasoro. Uji hunywewa, hauliwi."

"Mwalimu, nyamaza," zikasema meza nne.

"Halafu nakuja hapa," Kinyozi akaendelea, "na siwezi kuacha mayai, maana ukiona nimebakisha utaniuliza naumwa nini. Kwa hiyo nakula. Hili shati lilikuwa linafunga." Akafungua koti, akaonyesha. Vifungo viwili vya chini vilikuwa vimeshakata tamaa.

Mtu akacheka. Mdomo wa Mama Kijino ulitaka kucheka pia, akaukataza. Lakini macho yalikuwa yameshalainika, na yeye alijua, na Fundi Cherehani alijua, kwa sababu Fundi Cherehani alianza kutafuta leso.

"Asubuhi thelathini na tisa," akasema Mama Kijino. "Uji wa yule mama naujua. Nilikula miaka minne."

"Nakuonea huruma," akasema Kinyozi, kwa moyo wake wote.

Mkono wa Mama Kijino ukarudi kwenye mgongo wa kiti. Magoti yakaanza kupinda. Mwalimu Mstaafu akavua miwani. Meza ya nne wakashikana mikono.

Mlango ukafunguliwa.

Aliingia Bi Mkwe, amejifunga khanga mbili, fimbo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia mkoba wa mikasi.

Miaka mitatu hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Alikivuka kama mtu anayevuka dimbwi. Akatembea moja kwa moja hadi meza ya Kinyozi, akaweka mkoba karibu na sahani, akatazama kiti kilichovutwa.

"Cha nani hiki?"

Hakuna aliyejibu. Lingekuwa jibu refu.

Bi Mkwe akakikalia.

"Basi," ikasema meza ya nne, "amekubaliwa."

"Umesahau mikasi," Bi Mkwe akamwambia Kinyozi. "Kinyozi anayesahau mikasi, siku moja atasahau kichwa cha mtu."

"Nisamehe, mama. Leo nilikuwa na wasiwasi."

"Wa nini?"

Kinyozi akakitazama kile kiti. Mama Kijino alikuwa bado amemshika mtoto. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyofanya asubuhi ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikuja kuamkiwa." Bi Mkwe akatazama meza tano, dirisha, watu. "Hapa mnauza chakula, au watu huja kutazamana?"

Mama Kijino akamwachia mtoto, akaenda jikoni. Akatoa birika motoni. Akarudi na yai moja, mkate, chai. Sahani ilitoa mlio mdogo ilipogusa meza.

Bi Mkwe alikula. Msomaji, nimeona watu wakisubiri majibu ya mitihani, nimeona watu wakisubiri mlango wa wodi ufunguke. Sijaona ukimya kama ule. Alimenya yai kwa utaratibu, akaweka maganda upande mmoja, akala nyeupe, akala njano. Akasema:

"Limeiva."

Watu wakageukiana kuulizana kama hiyo ni sifa.

Kisha akainua kikombe cha bluu, akakigeuza, akatazama chini yake kama anatafuta jina.

"Hivi ndivyo vikombe?"

"Ndivyo," akasema Mama Kijino.

"Pikipiki ya mwanangu ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo. Na meza uliyoegemea. Na sare ya shule ya huyu, na viatu vyake. Ilikuwa imesimama uani inaota kutu, mama, na mimi nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu anaomba maziwa. Kila asubuhi nikimimina chai ya kwanza, mwanao ndiye ninayemkumbuka. Ungeingia siku ile, ningekuambia. Hukuingia."

Hakulia. Alisema yote hayo kama mtu anayesoma bei za ukutani.

Bi Mkwe akanywa. Akaweka kikombe. "Chai ina joto," akasema, na safari hii wengi walikubaliana kuwa ni sifa.

Kijino, ambaye hana habari ya kununiana, alikuwa ameshasogea mpaka kwenye goti la mgeni.

"Wewe ndiye bibi? Jino langu limetoka. Tazama."

Bi Mkwe akainama. Macho yake si mazuri, ikabidi ainame sana, mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na ule mwanya. Alikaa hapo muda mrefu kuliko jino linavyohitaji.

"Hata baba yako," akasema, "lilianza hilo hilo."

Kila mtu akapata kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Lakini Bi Mkwe alinyooka, akashika fimbo, na sura yake ikarudi mahali pake.

"Sasa tuseme yaliyonileta. Nimesimama nje pale dirishani kabla ya kuingia. Masikio yangu hayajazeeka. Huyu nilimpa sharti asimwambie mtu. Hapa mko wangapi?"

Mwalimu Mstaafu akahesabu kwa kidole. "Kumi na tisa, pamoja na mtoto. Wewe sijakuweka."

"Basi amevunja sharti mara kumi na tisa."

Kinyozi akafumba macho. Uji wa siku thelathini na tisa ulipita mbele yake, bakuli baada ya bakuli.

"Ila," akasema Bi Mkwe, "alibanwa, akasema kweli, na hakunisema vibaya. Uji wangu alisema ulivyo. Namsamehe. Kesho ni siku ya arobaini. Saa kumi na mbili na nusu awe mezani kwangu. Akikosa, au akibakisha, hakuna radhi, na mguu wangu hautakanyaga hapa tena. Mtoto atamsikia bibi kwa habari."

"Atakuja," akasema Fundi Cherehani, ambaye sasa alikuwa upande wa mapenzi. "Mimi mwenyewe nitamsindikiza."

"Subiri," akasema Mama Kijino.

Alikuwa amesimama wima, aproni imenyooka. Alimtazama Kinyozi, si kwa hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu ambaye ungependa sana kumwamini, na kupenda kwenyewe ndiko kunakutisha.

"Nimekuelewa," akamwambia. "Umefanya kwa ajili ya mwanangu, na hilo sitalisahau. Lakini umenitazama usoni asubuhi thelathini na tisa ukaniambia una njaa, na huna. Nikikaa leo, nitakuwa nimekaa juu ya hilo. Mume wangu wa kwanza alinificha ugonjwa ili nisihangaike. Naye alikuwa na sababu nzuri. Sitaki tena mtu mwenye sababu nzuri."

"Nifanye nini?" akauliza Kinyozi.

"Kesho Jumapili, wateja wote nitawafungia. Nitafungua kwa ajili ya mtu mmoja. Nitachemsha yai moja, nitakata mkate kipande kimoja, nitakaa. Wewe uje na njaa. Njaa ya kweli, tumbo tupu, hujaonja hata maji ya mtu. Ukija umeshiba nitakuona, mimi kazi yangu ni hiyo. Na ukija umeshiba, usije tena."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

Kinyozi akamtazama. Akamtazama Bi Mkwe. "Saa ile ile?"

"Saa ile ile," wakasema wanawake wote wawili kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana kwa miaka mitatu.

"Mama, kwako nikija saa moja..." Kinyozi akaanza, kwa Bi Mkwe.

"Uji ukipoa si uji."

"Basi wewe, nikichelewa kidogo..."

"Kuchelewa kuambiwa ndiko kulikonifikisha hapa," akasema Mama Kijino.

Meza ya nne wakaanza kupiga hesabu ya umbali kati ya mlango wa kijani na mkahawa. Fundi Cherehani akapendekeza baiskeli. Mwalimu Mstaafu akasema, kwa usahihi, tatizo si mwendo, tatizo ni tumbo.

Ndipo Kijino, ambaye alikuwa amekaa sakafuni akimalizia mkate wake mkavu, akainua uso.

"Na mimi kesho nile wapi?"

Alimuuliza bibi yake. Kisha akamuuliza mama yake. Bi Mkwe alishika fimbo kwa mikono miwili. Mama Kijino alianza kupangusa meza iliyokuwa safi. Na kwa mara ya kwanza asubuhi ile waliacha kumtazama Kinyozi, wakatazamana wao.

Kinyozi akachukua mkoba wake wa mikasi, akautundika begani, akachuchumaa mbele ya mtoto. Kifungo cha tatu kikakatika, kikaviringika chini ya meza ya nne, na hakuna aliyecheka.

"Hilo ndilo swali," akamwambia. Akageuza shingo kuwatazama wanawake wale wawili, na uso wake haukuwa tena wa mtu anayeomba. "Jibu lake ninalo. Ila nawaambia mapema, mama, na wewe mwenzangu: hakuna hata mmoja wenu atakayelipenda."